Kiingereza Hakina Pole

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na watoto, yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Mimi mwili mzima. Kilichobaki ndicho ninachokuandikia, na nakuomba utafute kiti kwanza.

Usishangae kuona karatasi na stempu kama zama za babu. Simu yangu wanayo polisi, na pasipoti pia. Kabla hawajaichukua niliwahi kukutumia ujumbe, "Wamenichaji", nawe ukanijibu, "Asilimia ngapi?" na vile vikatuni vyako vya kucheka. Kaka, haikuwa betri. Nimeshtakiwa.

Unamkumbuka yule mzee niliyekuwa nakusimulia, Fundi Saa? Yule aliyekuwa akinishika mkono kila asubuhi na kuitegea sikio saa yangu, kisha anatikisa kichwa kama daktari? Amefariki. Alipaliwa na kipande cha nyama wakati wa chakula cha mchana. Chakula chake kilitakiwa kupondwa mpaka kiwe uji, kila mtu pale kwenye nyumba ya wazee analijua hilo, lakini siku ile jikoni walimletea sahani kama ya wenzake. Nilikuwa peke yangu kwenye ukumbi wa kulia. Nilimpiga mgongoni, nikamkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo kama tulivyofundishwa, nikapiga kelele. Waliokuja walimkuta amekwisha.

Jioni ile meneja aliniita ofisini akiwa na askari. Akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo ilikuwa 'oversight' yako?" Kaka, ukutani pale kazini kuna ubao, na juu ya safu ya majina yetu limeandikwa neno hilohilo. Jina lako likiwa chini yake, wewe ndiye msimamizi wa ukumbi siku hiyo. Nikajibu ndiyo, ni "oversight" yangu, ukumbi wote. Nilisema nimenyoosha shingo, nisionekane nakimbia kazi yangu. Wakaandika, nikatia sahihi.

Leo wakili niliyepewa na serikali amenitazama kama mtu aliyekunywa sumu kwa kudhani ni soda. "Kwa nini ulikiri?" Nikamwuliza, nimekiri nini?

Wewe unayelipwa kusoma kamusi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, niambie nilisema nini. Na Mama asijue.

Mdogo wako,
Chiriku

•

19 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu, kidole bado kinanyonywa. Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee ndani ya nyumba hii ambapo mtu hakufuati, na nimetoka humo macho mekundu nikasingizia kitunguu. Pole, mdogo wangu. Pole sana.

Umeniuliza neno, acha nianze na neno, maana nikianza na moyo sitafika mwisho wa karatasi.

"Oversight" lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni huo wa ubaoni: usimamizi. Uso wa pili ni uzembe, kusahau, kupitiwa. Wenyewe walichukua "juu" na "kuona" wakaviunganisha zamani sana. Aliye juu akitazama chini, anasimamia. Lakini jicho likiruka juu ya kitu, kitu kikabaki chini hakijaonwa, huyo kapitiwa. Macho ni yaleyale. Aliyekuuliza aliuliza, "Kwa hiyo ulipitiwa?" Na wewe ukajibu, "Ndiyo, mimi ndiye msimamizi."

Hata hilo "charge" lililonichekesha, Mungu anisamehe, asili yake ni mkokoteni. Kuchaji ni kupakia mzigo: simu inapakiwa umeme, bunduki inapakiwa baruti, mfanyakazi anapakiwa jukumu, mshtakiwa anapakiwa lawama. Tusiwacheke sana lakini. Sisi tunayo dhamana. Ulikuwa na dhamana ya wazee, na sasa uko nje kwa dhamana.

Nimeandika maelezo marefu kwa Kiingereza, nimeyapigia muhuri wa kampuni yetu ya uchapaji, yamo ndani ya bahasha hii. Mhariri mkuu naye ametia sahihi. Mpe wakili wako. Akisoma ukurasa wa tatu tu, kesi imekwisha.

Mama anauliza mbona hupigi simu. Nimemwambia mitambo ya huko mibovu.

Kaka yako

•

7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi nipo.

Wakili ameyasoma maelezo yako akiwa amesimama, koti mkononi. Amesema ni mazuri sana. Kisha akasema mahakama haitayapokea, kwa sababu wewe ni ndugu yangu, na kwa sababu mwendesha mashtaka ameshajibu: huyu mama ameishi hapa miaka sita, anaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, leo ndiyo Kiingereza kimemshinda? Na mimi mwenyewe ndiye niliyekataa mkalimani siku ile polisi. Waliniuliza unataka, nikaona wananidharau.

Usikasirike kwa nitakalosema. Nimezama, naomba kamba, wewe unanieleza katani ililimwa wapi. Mkokoteni! Nimesoma habari za mkokoteni huku nimekaa kwenye kitanda ambacho kodi yake inaisha mwisho wa mwezi, kazini nimesimamishwa, mwenye nyumba akinipita kwenye ngazi anavuta mtoto wake upande wa pili. Picha yangu ilitoka gazetini, Kaka. Ile ya kitambulisho cha kazi, natabasamu.

Hukuniuliza kilichotokea mle ukumbini. Wala wakili hakuniuliza, anauliza neno tu. Basi nikwambie. Tulitakiwa kuwa watatu, wawili walihamishiwa ghorofa ya juu asubuhi ile kwa amri ya meneja. Bibi mmoja, mwalimu wa zamani wa muziki, alianza kutoka damu puani. Nikapiga magoti mbele yake na taulo. Sahani zikaletwa na mtu wa jikoni, mgeni, akaziweka akaondoka. Nilikuwa nimewapa mgongo. Nilichosikia si kukohoa. Aliyepaliwa kweli hakohoi, hana hewa ya kukoholea. Nilisikia kijiko kikianguka.

Sasa niambie wewe mwenye kamusi. Kumfuta bibi damu ni kusimamia au kupitiwa?

Na meneja alijua. Alilichagua lile neno kama mtu anavyochagua tunda sokoni, analibonyezabonyeza kwanza. Lakini nitalithibitishaje?

Chiriku

•

24 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta unakula na kulala. Huku wazima.

Umesema kweli. Nilikimbilia kwenye maneno kwa sababu ndiko ninakojua njia. Nisamehe.

Mama amejua. Usinilaumu mpaka umalize kusoma. Alikuja hapa bila taarifa, na mfuko wake wa nguo, akakaa kiti cha mlangoni, akakataa chai. Unajua Mama akikataa chai.

"Mwanangu yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko hai, Mama."

"Basi nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hicho unachokificha. Tangu uzaliwe ukiwa na siri unakunja vidole vya miguu."

Nikatazama miguu yangu. Nikasoma barua zote mbili. Hakulia. Nilipomaliza akauliza, "Yule mzee alikuwa na watoto?"

Nikamwambia uliwahi kuandika kuhusu binti yake, aliyekuwa akija kila Jumapili kumnyoa ndevu.

"Mdogo wako amempa pole?"

"Mama, kesi iko mahakamani."

"Sikuuliza kesi iko wapi. Mzee kafia mikononi mwake. Binti wa mzee yupo mji uleule. Amempa pole, au hajampa?"

Nikamweleza mambo ya sheria, mawakili, ushahidi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Kisha akasema, "Mwandikie ampe pole. Mengine mtajua nyinyi wasomi."

Nimekuandikia.

Tumekuchangia kodi ya miezi miwili, mimi na wifi yako. Usirudishe shukrani, rudisha habari.

Kaka yako

•

11 Mei

Kaka,

Shikamoo, na mwambie Mama nampa shikamoo yake kwa magoti. Kodi imefika.

Nimejaribu. Nilimwuliza wakili kama naweza kumwandikia binti wa Fundi Saa kadi ya rambirambi. Akavua miwani. "Utaandika nini?" Nikamwambia, nitaandika "I am sorry". Akapiga meza. Akasema nikithubutu kulitamka neno hilo, kwa mdomo au kwa kalamu, mwendesha mashtaka atalibeba mpaka kwa hakimu: mnaona, ameomba msamaha, na asiye na kosa haombi msamaha.

Nikamwambia siombi samahani, natoa pole. Akaniuliza tofauti yake nini. Miaka sita nimekiongea Kiingereza cha watu, nimeota kwa Kiingereza, sikuwahi kuona kwamba pole na samahani wamevitia kwenye chungu kimoja. Mtu akijikwaa barabarani unamwambia "sorry". Ukimkanyaga wewe mwenyewe, "sorry". Aliyefiwa, "sorry". Aliyeua, "sorry".

Juzi nilimwona. Nilikuwa duka la dawa, kwenye foleni, yeye yuko mbele ananunua plasta. Aligeuka. Alinitambua, nami nikamwona amenitambua. Alikuwa amekonda, kola ya koti lake imekunjika upande mmoja. Alingoja, Kaka. Alisimama pale na plasta yake mkononi akingoja niseme kitu. Nami nikawa naisikia sauti ya wakili, nikageuka nikatoka nje, nikatembea haraka, kisha nikakimbia. Nimekimbia kama mwizi mbele ya mtu niliyekuwa namtayarishia baba yake kila Jumapili.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nikitafuna nakumbuka kijiko. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, na jana nilisimama dirishani muda mrefu kuliko inavyofaa mtu kusimama dirishani.

Kesi inasikilizwa mwezi ujao, tarehe sita.

Mdogo wako

•

20 Mei

Chiriku, Chiriku wangu,

Leo sisalimii. Ondoka dirishani. Soma barua hii umekaa sakafuni, mgongo ukutani, upande wa mlango. Nenda kanisani, msikitini, kwa muuza mboga, popote penye mtu anayepumua, useme, "Naogopa kukaa peke yangu." Hilo kwa Kiingereza halina nyuso mbili.

Nimepeleka barua hii kwa ile njia ya haraka ya ghali. Nimempigia wakili wako mara nyingi hapokei. Nimempigia mwenye nyumba wako, akakata.

Mama analala chumba cha watoto. Nasikia anatembea usiku kucha.

Nitakwambia neno moja tu, kisha nitaacha maneno maisha yangu yote ukitaka. Hilo "sorry" la kwao, nimelifuata hadi chini kabisa. Chini kabisa hakuna kosa. Kuna kidonda. Mtu wa kwanza kulitamka alikuwa anasema tu kwamba anaumia. Kosa walikuja kulipandisha juu yake baadaye.

Omba mkalimani. Meza kiburi, mdogo wangu, ukimeze kama dawa. Simama mbele yao useme kwa lugha uliyonyonyeshwa.

Niandikie. Hata mstari mmoja. Hata tusi.

Kaka yako

•

17 Juni

Mdogo wangu,

Tarehe sita imepita. Hujaandika. Namba ya wakili inaita inakatika. Nimeuliza ubalozi, wakaniambia nijaze fomu, nimejaza, wakaniambia aliyeipokea yuko likizo.

Kazini wamenirudishia kurasa mara mbili. Nilikuwa nasahihisha herufi S, nikaruka maneno kumi na kitu, mimi niliyekuwa nasifiwa kwa jicho. Mhariri mkuu akaniambia kwa upole niende nyumbani. Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya kiwanda, kwenye harufu ya wino, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Mama haniulizi tena. Ananitazama miguu tu.

Kama barua hii inasomwa na mtu mwingine, mtu huyo na atuandikie. Anwani ipo nyuma ya bahasha. Tunataka kujua tu.

Kaka yako

•

21 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Mpe barua hii aishike kabla hujaisoma, aone mwandiko ni wangu.

Nipo hai. Nisamehe kwa ukimya, na hapa nasema samahani, si pole. Barua yako ya haraka ilifika. Niliisoma sakafuni kama ulivyoniamuru. Kisha nikashuka kwa muuza mboga, mama mnene ambaye sijawahi kumwambia zaidi ya bei, nikamwambia naogopa kukaa peke yangu. Hakuniuliza neno. Alinipa bakuli na gunia la njegere, akasema menya. Nimelala nyuma ya duka lake mpaka leo, ndiyo maana hata barua yako ya pili sijui ilipo, kama uliandika. Siku zile za mwanzo sikuweza kushika kalamu. Nikikaa niandike, najikuta nimerudi kumenya njegere.

Kesi imekwisha. Kaa.

Niliomba mkalimani. Mwendesha mashtaka alicheka waziwazi, hakimu akamnyamazisha na kuniruhusu. Wakaleta mama mmoja mtu mzima, mfupi, sauti ya kukwaruza, Kiswahili chake cha kwetu kabisa. Wakili alijitahidi kuhusu "oversight", akataja ubao wa kazini. Meneja akaapa kwamba ubao ule haujawahi kuwa na neno hilo. Ukutani kweli halipo, wameshaufuta. Hakimu akasema mtu mzima anashikwa kwa neno lake na sahihi yake. Wakanitia hatiani. Uzembe uliosababisha kifo.

Kisha, kabla ya adhabu, wakaniuliza kama nina la kusema. Wakili alinong'ona, "Omba huruma, taja mama yako mzee." Binti wa Fundi Saa alikuwa benchi la pili. Koti lilelile. Nikamgeukia, nikasema kwa Kiswahili, "Dada, pole. Pole sana kwa baba yako. Nilitaka kukwambia duka la dawa nikaogopa."

Mkalimani akafungua mdomo. Akanyamaza. Hakimu akamtazama. Mwishowe mkalimani akasema kwa Kiingereza, "Anasema 'sorry'..." na hapo mwendesha mashtaka akaruka juu. "Naomba iandikwe kwamba mshtakiwa ameomba msamaha!"

"Hajaomba," mkalimani akasema.

"Umesema 'sorry' wewe mwenyewe."

"Nimesema kwa kukosa la kusema." Kaka, yule mama aligeuka kwa hakimu, akashika kingo za meza. "Mheshimiwa, neno alilolitamka huambiwa mtu aliyebeba kizito, hata kama si wewe uliyemtwika. Mtu akiugua tunamwambia. Akirudi kutoka kazini tunamwambia. Akichomwa na mwiba ambao mimi sikuupanda, namwambia. Kukiri halimo. Msamaha una neno lake, na huyu hakulitumia."

"Basi kwa Kiingereza ni neno gani?" hakimu akauliza.

"Kiingereza hakina."

Binti wa mzee akasimama, bila kuitwa. Akasema yeye alilalamika mara kwa mara kuhusu sahani ya baba yake, kwa meneja mwenyewe, ana kwa ana, hata Jumapili ya mwisho. Na kwamba kila alipokuja aliwakuta wafanyakazi wawili pungufu. Akasema, "Sitaki huyu afungwe." Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Sikufungwa ndani. Kifungo cha nje. Lakini hatia imebaki hatia: sitagusa tena mgonjwa wala mzee katika nchi hii, na natakiwa niwe nimeondoka kabla mwezi ujao haujaisha. Meneja naye ataitwa kuhojiwa. Sitakuwepo kuona. Kwa hiyo narudi nyumbani, Kaka, na begi lilelile nililoondoka nalo, na jina lililochafuka. Usiwaambie watoto kwamba shangazi anakuja na zawadi.

Kuna jambo moja zaidi, la Mama.

Nilipotoka, binti wa Fundi Saa alikuwa kwenye ngazi za nje na yule mkalimani. Alinisubiri. Tukasimama hatujui mikono tuiweke wapi. Akamwuliza mkalimani, "Kwao, mtu akiambiwa neno lile, hujibu nini?"

Mkalimani akanitazama nijibu mwenyewe. Nikamwambia, hujibu, "Nimeshapoa."

Akauliza maana yake. Nikamwambia kwa Kiingereza, maana yake kidonda kimepoa sasa, asante.

Akajaribu kulitamka, likamshinda katikati. Akajaribu tena. Kisha akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, akaniuliza kuna neno la mtu ambaye hajafika hapo.

"Lipo," nikamwambia. "Bado."

"Bado," akasema. Alilitamka sawasawa kabisa.

"Na mimi bado," nikamjibu, akanishika mkono, tukashuka ngazi.

Mdogo wako,
Chiriku